Injili Nne Kando ya Barabara ya Juja

Barabara ya Juja ndiyo mpaka wa Eastleigh na Mathare. Ng'ambo moja kuna mtaa wa biashara ambao wakazi wake huuita Islii, wenye maduka ya vitambaa, hoteli za pasta na nyama ya ngamia, na misikiti inayojaa hadi barabarani kila Ijumaa. Ng'ambo ya pili kuna Mathare na mabati yake. Kando ya barabara hiyo lipo kanisa la Kianglikana lenye jina ambalo wapita njia wengi hawajui lilitoka wapi: St Polycarp.

Wakatoliki wa Eastleigh wana Mtakatifu Teresa, jina linalofahamika kila mahali. Polikarpo hajulikani hivyo. Hata hivyo, ukitaka kujua kwa nini Wakristo wana Injili nne wala si moja, na kwa nini hazisimulii mambo yote kwa namna moja, jina hilo ndilo la kuanzia.

Polikarpo alikuwa askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Aliuawa kwa ajili ya imani katikati ya karne ya 2, akiwa mzee sana. Mwanafunzi wake Ireneo, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lyon huko Ufaransa, aliandika kwamba alipokuwa kijana alimsikia mzee huyo akieleza alivyokaa na Yohana na wengine waliomwona Bwana kwa macho yao. Akiwa amekwisha zeeka, Polikarpo alifunga safari hadi Roma kuzungumza na Askofu Aniseto. Moja ya hoja zilizowakutanisha ilikuwa kalenda: Wakristo wafungue mfungo wa Pasaka siku gani?

Suala hilo lilikuwa na mzizi mrefu. Mathayo, Marko na Luka wanasema karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi wake ilikuwa karamu ya Pasaka ya Kiyahudi. Kwa hesabu hiyo, wanakondoo walikuwa wamekwisha chinjwa, chakula kikaliwa usiku, na kesho yake Yesu akasulubiwa, siku ya sikukuu yenyewe. Yohana anahesabu vingine. Kwake, waliompeleka Yesu kwa Pilato walikataa kuingia ndani ya nyumba ya liwali wasije wakatiwa unajisi, kwa sababu karamu ya Pasaka ilikuwa bado kuliwa. Yesu wa Yohana anakufa siku ya maandalio, tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, wakati wanakondoo wanachinjwa hekaluni. Injili zote nne zinakubaliana kwamba ilikuwa Ijumaa. Zinatofautiana kuhusu Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe gani ya mwezi.

Wakristo wa Asia Ndogo walishika tarehe 14 Nisani, iangukie siku yoyote ya wiki, na desturi yao iliendana na hesabu ya Yohana. Roma ilingoja Jumapili. Polikarpo alisema hawezi kuacha alichokishika pamoja na Yohana. Aniseto akasema hawezi kuacha alichokipokea kwa wazee waliomtangulia. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Ireneo anasimulia kwamba Aniseto alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza Ekaristi, na wakaagana kwa amani. Miaka kama 40 baadaye, Askofu Viktori wa Roma alipotaka kuwatenga Waasia kwa sababu ya tarehe hiyohiyo, ni Ireneo aliyemwandikia kumkumbusha jinsi Polikarpo na Aniseto walivyoachana.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ndogo hapa kumshinda mwenzake anayesoma kwa Kiingereza. Marko anaandika kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu. Yohana anaandika kwamba ilipokaribia saa sita Pilato alikuwa bado kwenye kiti cha hukumu, mshtakiwa yuko mbele yake. Saa za Biblia zinahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, kama zinavyohesabiwa Nairobi, Mombasa na Kigoma, kwa hiyo hakuna haja ya kukokotoa. Saa tatu ni saa tatu asubuhi. Saa sita ni saa sita mchana. Yeyote anayejua Kiswahili anaiona tofauti ya saa tatu nzima bila kufunguliwa kitabu cha ufafanuzi. Wapo waliotafuta namna ya kuzipatanisha, wakidai kwamba Yohana alitumia hesabu ya Kirumi. Wengine wanaona kwamba Yohana aliupanga muda wake ukutane na saa ya kuchinjwa wanakondoo, kwa kuwa tangu sura ya kwanza amemwita Yesu Mwanakondoo. Maelezo haya ya pili yana uzito zaidi, kwa sababu yanatoka ndani ya kitabu chenyewe.

Ireneo alizijua Injili zote nne. Mnamo mwaka 180 hivi aliandika kwamba Injili ni nne, si zaidi wala si pungufu, kama zilivyo pande nne za dunia na pepo zake nne. Hoja ya pepo nne haimshawishi mtu wa leo, lakini nia yake inaeleweka mtu akijua alikuwa akijibu nani. Marsioni, aliyetengana na kanisa la Roma mnamo 144, alichukua Injili moja tu, ya Luka, tena akaikata. Tatiano, mzaliwa wa nchi ya Ashuru, alifanya kinyume chake: mnamo 170 hivi alizisuka zote nne kuwa simulizi moja lisilojirudia, kitabu kinachoitwa Diatesaroni. Makanisa ya Kisiria yalikipenda na kukitumia ibadani kwa vizazi vingi. Katika karne ya 5, Askofu Theodoreto wa Kiro alikusanya nakala zaidi ya 200 katika jimbo lake, akaziondoa na kuweka mahali pake Injili nne zilizotengana.

Tukio hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Kitabu kilichoondoa tofauti kilikuwepo, kilikuwa tayari, kilipendwa, na bado kanisa lilikiacha. Wazee wale walikuwa na njia rahisi ya kuwanyamazisha wapinzani, nao hawakuifuata.

Injili hizo nne zinafanana kwa kiasi gani? Marko ana aya kama 660. Sehemu kubwa mno ya aya hizo, kama 600, inaonekana tena ndani ya Mathayo kwa namna moja au nyingine, na zaidi ya nusu ndani ya Luka, mara nyingi kwa mpangilio uleule na hata kwa maneno yaleyale ya Kigiriki. Mathayo na Luka wanashirikiana tena aya 200 na ushei ambazo Marko hana, nyingi zikiwa mafundisho ya Yesu. Ndiyo maana hizo tatu huitwa Injili ndugu. Mjerumani Johann Jakob Griesbach alizipanga kwa safu, moja kando ya nyingine, katika miaka ya 1770, na tangu hapo wataalamu wamejadili nani alimnakili nani. Wengi wanasema Marko ndiye wa kwanza. Griesbach mwenyewe alimweka Mathayo mbele.

Yohana yuko peke yake. Kwake hakuna mifano kama ya mpanzi au mwana mpotevu, wala Yesu hatoi pepo hata mara moja. Hekalu linasafishwa mwanzoni, sura ya 2, ilhali wale watatu wanaliweka tukio hilo katika wiki ya mwisho. Usiku wa karamu hasimulii mkate na kikombe. Anasimulia Yesu akijifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu. Na bila yeye tusingemjua Nikodemo, wala mwanamke Msamaria kisimani, wala Lazaro akitoka kaburini.

Hata hivyo wote wanne wanakutana penye mambo mazito: ubatizo wa Yohana Mbatizaji, kulishwa kwa watu 5,000, usaliti wa Yuda, Petro akikana mara tatu, Pilato, msalaba, na kaburi tupu alfajiri ya siku ya kwanza ya juma. Muujiza wa mikate ndio pekee, ukiacha ufufuo wenyewe, unaosimuliwa na wote. Wote wanne wanamtaja Mariamu Magdalena kaburini. Alikuwa peke yake, kama Yohana anavyoanza kusimulia, au pamoja na wengine? Alikuwako malaika mmoja au wawili? Hapo wanaachana. Nakala mbili za kale zinazothaminiwa sana, za karne ya 4, zinamaliza Marko kwa wanawake kukimbia wakiwa na hofu, wasimwambie mtu neno. Aya 12 zinazofuata katika Biblia nyingi hazimo.

Katika karne hiyohiyo ya 4, Eusebio wa Kaisaria alibuni chombo cha kuzisoma Injili nne kwa pamoja bila kuzichanganya. Alizigawa katika vifungu vyenye nambari, jumla 1,162, kisha akachora majedwali 10. La kwanza lina vifungu vilivyomo katika zote nne, yanayofuata yana vilivyomo katika tatu au mbili, na la mwisho lina vile ambavyo kila mwinjili anavyo peke yake. Msomaji aliyefika penye kulishwa kwa watu 5,000 katika Marko aliangalia nambari pembeni, akarudi kwenye jedwali, akajua aende wapi katika Mathayo, Luka na Yohana. Tofauti zikawa na anwani.

Majedwali hayo yana historia ndefu Afrika Mashariki kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa huko Tigray, zimehifadhiwa Injili za lugha ya Ge'ez zilizoandikwa kwenye ngozi. Vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7, hivyo ni miongoni mwa vitabu vya Injili vyenye michoro vya kale kabisa vilivyosalia duniani. Kurasa zake za mwanzo zina majedwali ya Eusebio, yamezungushiwa nguzo na matao ya rangi, na ndege wamechorwa juu. Wengi wa Waethiopia na Waeritrea walioanza kukimbilia Nairobi baada ya mapinduzi ya Ethiopia ya 1974, na ambao sasa wana hoteli na maduka ya kahawa Eastleigh, ni wana wa mapokeo hayo.

Eastleigh yenyewe ilianza kama mtaa wa wageni. Serikali ya kikoloni iliiunda mwaka 1921, ikiwa nje ya maeneo ya Wazungu, na Wahindi na Wasomali wakawa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 wakimbizi walimiminika. Nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge ikageuka soko, na masoko mengine yakafuata hadi mtaa ukawa kitovu cha biashara. Kwa miaka mingi sasa, kijana Mkristo wa Eastleigh amekua akiulizwa maswali ya Injili na Waislamu anaosoma nao, anaocheza nao mpira na anaopanda nao matatu za namba 6 na 9.

Swali linalorudi mara nyingi ni la nasaba. Baba yake Yusufu, mume wa Mariamu, alikuwa nani? Mathayo anasema Yakobo. Luka anasema Heli. Mathayo anashuka kutoka Ibrahimu kupitia Daudi na Sulemani. Luka anapanda hadi Adamu, na baada ya Daudi anafuata mwana mwingine, Nathani. Tangu hapo majina karibu yote ni tofauti.

Yulio Afrikano alilijibu swali hilo mwanzoni mwa karne ya 3, na jibu lake lina mvuto wa pekee kwa wasomaji wa huku kwetu. Alisema Yakobo na Heli walikuwa ndugu wa mama mmoja. Heli alioa akafa bila mtoto. Yakobo, kwa sheria ya Musa, akamchukua mjane ili amwinulie ndugu yake uzao, akamzaa Yusufu. Kwa damu Yusufu ni wa Yakobo, kwa sheria ni wa Heli. Msomaji wa Ulaya huhitaji aya nzima kueleweshwa jambo hilo. Katika jamii za Waluo, na nyingine za magharibi mwa Kenya, ambako mjane alikabidhiwa shemeji na watoto wakahesabiwa kuwa wa marehemu, hakuna wa kushangaa mtu kuwa na baba wawili katika orodha mbili za ukoo. Hilo halithibitishi kwamba Afrikano alisema kweli. Wengi leo wanaona kila mwandishi alipanga orodha yake kwa lengo lake: Mathayo, kwa vizazi vyake 14 mara tatu, anataka mfalme wa ukoo wa Daudi, Luka anamtaka ndugu wa wanadamu wote. Lakini jibu lake linaonyesha kwamba karne moja na nusu tu baada ya Injili kuandikwa, Wakristo walikuwa tayari wanalijadili jambo hili waziwazi.

Upande wa Waislamu mjadala nao ni wa kale. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, alizipitia Injili nne kwa mkono wa mwanasheria na kuorodhesha alichokiona kuwa migongano, nasaba ikiwemo. Kwa imani ya Kiislamu, Injili ni kitabu kimoja alichoteremshiwa Nabii Isa. Vitabu vinne vyenye majina ya wanadamu tayari ni hoja. Ahmed Deedat wa Durban aliichukua hoja hiyo na kuipa jukwaa, kanda na vijitabu. Mdahalo wake na Mmarekani Jimmy Swaggart mwaka 1986 ulisambaa kwa video katika nchi nyingi.

Afrika Mashariki ilikuwa na wahubiri wake. Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, ambao harakati yao ilianzia Ujiji, Kigoma, walitoa mwaka 1987 kitabu kiitwacho Uislamu katika Biblia. Wao na wenzao walisimama viwanjani wakiwa na Biblia ya Kiswahili mkononi, ile ya Union Version ya 1952, wakitaja sura na aya kwa kumbukumbu. Ikazaliwa mihadhara. Ilivuka mpaka ikaingia Kenya, na Wakristo nao wakaandaa ya kwao.

Mihadhara ilikuwa na jambo moja la kusifiwa bila kusita: iliwafanya watu wa kawaida wafungue vitabu. Muuza mitumba alijifunza kulinganisha Mathayo 1 na Luka 3, kazi ambayo makanisa mengi yalikuwa yamewaachia wanaosomea uchungaji. Kasoro yake ilikuwa ya umbo. Uwanja wenye vipaza sauti unahitaji mshindi, na tofauti kati ya Marko na Yohana ikawa kombora, wakati kwa Ireneo ilikuwa sababu ya kusoma zaidi. Wakristo waliokana kwamba tofauti zipo waliharibu sawa na waliozishangilia. Dar es Salaam, Februari 1998, malalamiko kwamba mihadhara inakashifu Ukristo yaliwafikisha polisi kwenye Msikiti wa Mwembechai, na watu wakauawa kwa risasi.

Eastleigh ilipata pia njia nyingine. Katika miaka ya 1970 Wamennonite waliokuwa wamefanya kazi Somalia walihamia mtaani humu, na kazi yao ikakua kuwa Eastleigh Fellowship Centre, mahali penye maktaba, masomo na uwanja wa mpira wa kikapu, ambapo vijana wa Kisomali walikaribishwa. Miongoni mwao alikuwa David Shenk, aliyezaliwa Tanganyika kwa wazazi wamisionari. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, pamoja na Mwislamu kutoka Uganda, Badru Kateregga. Wawili hao waliandika kitabu kimoja kilichochapishwa na Uzima Press ya Nairobi mwaka 1980. Kila mmoja anaeleza imani yake kwa ukamilifu, mwenzake anamjibu, naye anapewa nafasi ya kufafanua. Suala la Injili limo na halikulainishwa. Kateregga hakubali msalaba, Shenk hauachi. Chuo Kikuu cha St Paul's cha Limuru nacho kimefungua Eastleigh kituo cha mahusiano ya Wakristo na Waislamu, ambapo watu wa dini zote mbili husoma pamoja.

Uhitaji wa kazi hiyo ulionekana kwa uchungu Jumapili ya Septemba 30, 2012. Guruneti lilirushwa katika shule ya Jumapili ya kanisa la St Polycarp. Mtoto mmoja aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Saa chache baadaye vijana wenye hasira waliwageukia majirani Wasomali kwa mawe, watu ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Tofauti za Injili zinaonekana hata ndani ya ibada. Wamennonite kwa mapokeo yao huoshana miguu, wakifuata Yohana sura ya 13. Wakatoliki hufanya hivyo Alhamisi Kuu, na somo la Injili jioni hiyo ni lilelile, la Yohana, wakati maneno ya mkate na kikombe yanasomwa kutoka kwa Paulo. Tangu mageuzi ya liturujia ya 1969, simulizi la mateso husomwa Jumapili ya Matawi kwa zamu ya miaka mitatu: Mathayo, Marko, Luka. Ijumaa Kuu ni Yohana kila mwaka. Mwaka 2027 zamu ni ya Marko. Waumini watakaokuwa Mtakatifu Teresa, Eastleigh, Jumapili ya Machi 21 watasikia kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, na Ijumaa ya Machi 26 watasikia, katika kanisa hilohilo, kwamba yapata saa sita Pilato alikuwa bado hajamtoa asulubiwe.